Stafurumu ya Sisi Tunaofundisha Mtandaoni

Mwalimu anayefundisha mtandaoni hupewa mengi: programu mpya, kijitabu cha maelekezo, semina ya siku moja, cheti. Anachokosa ni stafurumu, yaani chumba cha walimu. Nasema haya nikiwa mwalimu wa Kemia na Hisabati hapa Amu, mji wa Lamu. Mchana nafundisha shuleni, na baadhi ya jioni, baada ya sala ya Isha, nina darasa la mtandaoni la watahiniwa wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, walio Faza, Siyu, Kizingitini, Witu, na wachache Malindi.

Walimu wenzangu mnajua stafurumu inavyofanya kazi. Umetoka darasani saa nne, Kidato cha Tatu wamekutumbulia macho kipindi kizima kuhusu moli, kipimo cha kiasi cha kemikali. Unaketi, unamimina chai, unamwambia aliye karibu nawe, "Hawa leo sijui wana nini." Naye bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye madaftari anayosahihisha anakuuliza, "Umeanza na fomyula? Mimi huanza na kupima chumvi kwenye mizani, hesabu zinafuata baadaye." Mazungumzo ya dakika tatu. Hakuna aliyeandika ripoti, wala hakuna aliyelipwa posho. Sehemu kubwa ya ualimu nilionao niliipata hivyo, kwa watu walionizidi umri na subira.

Mtandaoni, ukishabonyeza kitufe cha kufunga darasa, umebaki wewe na ukuta wa nyumba yako. Somo limekwenda vizuri, huna wa kumwambia. Limekwama, huna wa kumuuliza. Kesho yake unaingia tena na maswali yale yale.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulianza kwa WhatsApp: picha ya ukurasa wa kitabu, kisha sauti ya kueleza, kisha kungoja picha za majibu yaliyoandikwa kwa penseli hafifu. Semina zikafuata. Ninayoikumbuka zaidi ilitufundisha vitufe: namna ya kuzima maikrofoni za wanafunzi wote kwa mpigo, namna ya kuonyesha skrini, namna ya kuweka mandhari ya bandia nyuma yako. Vitufe vina kazi yake, na mwalimu asiyevijua atahangaika. Lakini hakuna aliyegusa swali lililokuwa likitutesa sote: ufanye nini unapouliza swali, na viboksi vyote vyeusi vya wanafunzi waliozima kamera vikanyamaza?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko intaneti. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo ya sayansi akagundua kwamba mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kudakia mwenyewe, kumwita mtoto mwingine au kubadilisha swali. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, watoto zaidi walijitokeza bila kuitwa, na "sijui" zikapungua. Hayo ni ya darasa la kuta nne. Mtandaoni sauti hufika kwa kuchelewa, mtoto anatafuta kitufe cha maikrofoni, nyumbani kwao kuna televisheni na mdogo wake analia, naye anapima kwanza kama aaibike mbele ya watu. Mwenzangu mmoja wa Faza aliketi katika darasa langu na saa mkononi, kwa sababu nilimwomba afanye hivyo. Akanipa habari ambayo hakuna semina iliyowahi kunipa: majibu ya kuandikwa huanza kuingia yapata sekunde ya tisa au ya kumi. Tangu hapo nikiuliza swali naliandika pia, kisha nanyamaza kwa makusudi na kunywa maji polepole. Wanafunzi wamezoea kwamba kimya kile ni chao.

Hiyo ndiyo stafurumu tuliyojijengea, sisi walimu wachache wa visiwani na mwalimu mmoja wa Fizikia wa Malindi. Tunatembeleana madarasani. Masharti tuliyopatana si mengi, lakini tunayashika. Anayetembelewa ndiye anayetaja kitu cha kutazamwa, na kiwe kimoja. Mgeni hutambulishwa kwa wanafunzi kwanza, ndipo azime kamera yake na kunyamaza. Hakai zaidi ya dakika ishirini. Usiku ule ule wawili hao huzungumza kwa simu au kutumiana sauti, na maneno hayo hayaendi kwa mwalimu mkuu wala popote pengine.

Sharti hili la mwisho wengine huliona dogo. Mimi naliona ndilo nguzo. Tangu 2016 walimu wa TSC, Tume ya Kuajiri Walimu, tunajaza TPAD, mfumo wa kutathmini utendakazi, na sina ugomvi na mwajiri kutaka kujua kama kazi yake inafanywa. Ila anayekuja kukusaidia asiwe ndiye anayekupa alama. Mwalimu akijua kuna alama, atamwalika mgeni katika somo lake bora, lile analolifundisha hata akiwa usingizini. Kwetu mtu humwalika mgeni pale anapokwama.

Mwenzetu wa Siyu alikuwa na majina ambayo hayakuwahi kusema neno. Akaomba tuyatazame hayo tu. Kwenye skrini lilikuwapo jina "Mama Watoto", na lingine la namba ya simu tupu. Aliyemtembelea akaketi kimya akisikiliza, na kila maikrofoni ya "Mama Watoto" ilipofunguka alisikia sauti mbili, ya mvulana mbele na ya msichana kwa mbali. Ndugu wawili, simu moja, jina moja, na msichana ameketi nyuma ya kaka yake akitazama juu ya bega. Mwalimu alikuwa akimfundisha mtoto ambaye hakujua kwamba yupo. Siku hizi anaanza somo kwa kuuliza kila simu, "Leo mko nani na nani hapo?" Kisha anagawa maswali kwa watu badala ya kuyagawa kwa simu. Kijitabu gani cha maelekezo kingemfikisha hapo? Programu ilimwonyesha wanafunzi kumi na mmoja, na programu haikudanganya: simu zilikuwa kumi na moja.

Na kuna Kemia yenyewe. Karatasi ya tatu ya mtihani ni ya vitendo, na huwezi kumtumia mtoto wa Kizingitini bureti, bomba la kupimia vimiminika, kwa intaneti. Nikaanza na vilivyomo jikoni: maua mekundu ya haibiskasi yachemshwe, maji yake yagawanywe katika gilasi, moja iingie ndimu na nyingine magadi. Penye asidi rangi hugeuka nyekundu iliyokoza, penye besi huelekea kijani. Nilimwomba mwalimu wa Malindi aangalie kama wanafunzi wanaziona rangi hizo kweli. Akaniambia, "Dada, kwa taa ya usiku na kamera za simu zile, nyekundu na kahawia ni kitu kimoja. Waambie wafanye mchana, waweke gilasi juu ya karatasi nyeupe, wapige picha, usiku walete picha tu." Tukafanya hivyo, na mjadala wa usiku ule ukawa wa kemia, si wa "mwalimu, yangu haionekani".

Nimesoma tafiti za jambo hili kwa sababu sikutaka kutegemea tunavyojisikia sisi wenyewe. Mwaka 2018 Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya tafiti 60 kuhusu walimu wanaopata mshauri wa kuwafuata darasani, nyingi zikiwa za Marekani. Waliona ufundishaji ukiboreka na alama za wanafunzi zikipanda, lakini pia waliona kwamba mpango ukipanuliwa kufikia walimu wengi sana, nguvu yake hupungua. Hilo halinishangazi. Mshauri wa watu mia mbili hana nafasi ya kujua kwamba "Mama Watoto" ni watoto wawili.

Utafiti ulionifikirisha zaidi ni wa Afrika Kusini, mkoa wa Mpumalanga, wa Jacobus Cilliers na wenzake. Walimu wa madarasa ya chini waligawanywa: wengine walitembelewa shuleni na mshauri, wengine walishauriwa kwa simu na tableti. Baada ya miaka mitatu, waliotembelewa ana kwa ana walikuwa wameinua Kiingereza cha watoto, cha kusema na cha kusoma. Walioshauriwa kwa mbali waliinua cha kusema kidogo, cha kusoma hakikusogea, na kusoma kwa lugha ya nyumbani kukarudi nyuma. Madarasa yale yalikuwa ya kawaida, hayakuwa ya mtandaoni, kwa hiyo siwezi kuyahamisha matokeo yake kwetu mazima mazima. Lakini sitaki kuyakwepa pia, maana mimi ndiye ninayesema walimu wasaidiane kwa mbali.

Ninavyoamini ni kwamba mtu humruhusu kumwona akikwama yule ambaye ameshakula naye. Hapa kwetu kuonana si rahisi. Boti za Faza hungoja maji yajae ndipo zipite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, na kusi inapovuma bahari haitabiriki. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya kuhesabu. Kwa hiyo tunatumia siku ambazo watu wanakuja Amu kwa vyovyote. Wiki ya Maulidi, mwishoni mwa mwezi wa Mfungo Sita, mji hufurika, na walimu wetu wengi wana jamaa wa kuwafikia. Tunakaa barazani asubuhi moja, kila mtu na simu yake, tunaonyeshana madarasa yetu yanavyoonekana upande wa mwanafunzi. Mtu anaona kwa macho yake kwamba maandishi yake kwenye skrini ya inchi tano hayasomeki. Wengine humaliza asubuhi hiyo wakiwa wamesogeza meza ya kufundishia kwenda upande wenye dirisha. Baada ya hapo, kutembeleana kwa mtandao mwaka mzima kunakuwa kwepesi, kwa sababu sauti ile unaijua ni ya nani.

Kuhusu picha na rekodi, hatuhifadhi nyuso za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na hata bila sheria, mzazi aliyekuazima simu yake kwa jioni moja hajakuazima uso wa binti yake. Tukitaka kulijadili somo, tunarekodi sauti ya mwalimu peke yake.

Sasa niseme la pesa, kwani bila hilo haya yote yanabaki mapenzi ya watu wachache. Mwalimu anayekaa katika darasa la mwenzake anachoma bando lake mwenyewe na saa yake ya kupumzika. TSC ilipozindua mafunzo ya kujiendeleza ya TPD mwaka 2021, mjadala uliotawala ulikuwa wa ada, Sh6,000 kwa mwaka, na walimu walikuwa na haki ya kuuliza nani alipe. Mimi ningependa tuendelee hadi swali la pili: kinacholipiwa kiwe nini? Sehemu ya saa za kujiendeleza ihesabiwe pale mwalimu anapomtazama mwenzake akifundisha na kuzungumza naye baadaye. Apunguziwe kipindi kimoja kwa wiki kwa ajili hiyo. Bando la kazi lilipwe na anayefaidika na kazi, kama chaki inavyonunuliwa na shule. Nikipewa kuchagua kati ya tableti mpya kwa kila mwalimu wa Lamu na kipindi kimoja cha wiki cha kutembeleana, nachagua kipindi, bila kusita.

Mwalimu mdogo kabisa kati yetu, aliyeajiriwa juzi juzi, alinitumia sauti usiku mmoja. "Shikamoo mwalimu. Nimefundisha saa nzima na hakuna aliyewasha kamera. Nimehisi nazungumza na kaburi." Sikumpa mbinu yoyote usiku ule. Nilimwuliza kesho anafundisha nini, na saa ngapi, nikaingia. Wanafunzi wake walikuwapo, walikuwa wakiandika, na mmoja aliniuliza swali zuri la logarithimu akidhani mimi ndiye mwalimu. Nilimtumia mwalimu huyo lile swali kama lilivyo. Wiki mbili baadaye ndipo tukazungumza habari za kamera, na akaamua mwenyewe kutozilazimisha, ila kila mtoto apige picha ya daftari lake katikati ya somo na kuituma.

Wiki ijayo ni zamu ya darasa langu tena. Nimewaomba wenzangu wawili watazame wale wanaojiunga kwa sauti tu kwa sababu mtandao wao hauwezi kubeba video. Mada ni umbo la molekuli, na nataka kujua ni wapi maneno yangu yanategemea mchoro ambao wao hawauoni. Kama unafundisha mtandaoni popote kuanzia Kiunga hadi Watamu na ungependa kuingia, niandikie useme unafundisha somo gani na jioni zipi uko huru, nitakuunganisha na mtu mmoja wa kuanza naye.