Robo mbili za jaribio moja, na kwa nini hazilingani

Jaribio la vigezo saba, kila kimoja kikiwa na kiwango cha chini na cha juu, linadai vipimo 128 ili michanganyiko yote ipimwe. Watafiti wachache humudu idadi hiyo, na tangu mwanatakwimu David Finney alipoeleza mwaka 1945 namna ya kupima sehemu tu ya michanganyiko, wengi huridhika na robo yake, yaani vipimo 32. Ninalosisitiza hapa ni kwamba ubora wa robo hizo hutofautiana sana.

Tuviite vigezo A hadi G. Vitano vya kwanza hujaza mistari 32, mmoja kwa kila kipimo, kikamilifu kwa alama za −1 (kiwango cha chini) na +1 (cha juu), ilhali F na G havina budi kupewa safu zinazotokana na kuzidisha safu za vile vitano. Tuseme tumeweka F = ABC na G = BCD. Kwa kuwa safu yoyote ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 1 kila mstari, tunapata ABCF = 1, BCDG = 1 na, kwa kuzidisha hayo mawili, ADFG = 1. Basi safu ya AB ndiyo hiyohiyo ya CF, na hakuna hesabu itakayoweza kutenganisha miingiliano hiyo miwili, yaani jinsi athari ya kigezo kimoja inavyotegemea kiwango cha kingine, baada ya data kukusanywa. Kati ya miingiliano 21 ya vigezo viwiliviwili, 15 imenaswa hivyo.

Sasa tuweke F = ABCD na G = ABDE. Maneno, yaani mafungu ya herufi ambayo zao lake ni 1, yanakuwa ABCDF, ABDEG na CEFG. La herufi nne ni moja tu, na miingiliano inayonaswa ni sita: CE na FG, CF na EG, CG na EF. Gharama ni ileile, vipimo 32.

Mipango yote miwili ina rezolusheni ya nne, kigezo cha ubora kilicholetwa na wanatakwimu Box na Hunter mwaka 1961, ambacho hutazama urefu wa neno fupi kuliko yote. Mwaka 1980 Fries na Hunter mwingine walipendekeza tuhesabu pia maneno mafupi ni mangapi, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuishia kwenye rezolusheni peke yake.

Hata hivyo, mpango bora unaweza kuharibiwa na ugawaji wa herufi. Mwingiliano wowote unaohusisha A, B au D haukuchanganyika na mwingine wa vigezo viwili. Kwa hiyo vigezo ambavyo mtafiti anashuku kwamba hutegemeana ndivyo vipewe herufi hizo kwanza, kabla kipimo chochote hakijafanyika.