Mahindi yangu yalivuka Namanga safari ya pili

Nimechoka na ushauri wa kuvusha mzigo Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mmoja anakwambia pita njia ya panya, mwingine anasema ukishakuwa na kile cheti kidogo huhitaji kitu kingine, wa tatu ana kijana wake pale "atakumalizia". Mimi nimevusha gunia 50 za mahindi ya Babati na risiti zake zote ninazo. Kilichotaka kuniliza hakikuwa ushuru, yalikuwa maji.

Ushuru wenyewe ndio sehemu nyepesi. Mahindi yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayatozwi ushuru wa forodha yakivuka kwenda nchi mwanachama, alimradi uthibitishe yametoka wapi. Mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000 na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa, unajaza cheti cha uasili kilichorahisishwa (ndicho kile cheti kidogo, kinachoonyesha mahindi yametoka wapi), forodha wanagonga muhuri hapo hapo mpakani, na ni bure. Narudia, bure. Kuna kishoka alinifuata mpaka mlango wa gari: "Dada, fomu elfu thelathini, nakuandikia mwenyewe." Nikaazima kalamu ya dereva nikaijaza juu ya boneti. Ukizidisha dola 2,000 utahitaji cheti kamili na wakala wa forodha. Wala usijaribu kuligawa Fuso moja kwa majina ya shangazi watano, maana fomu tano zenye namba moja ya gari zinakuchoma zenyewe.

Sasa hapo ndipo wengi tunapojikwaa: cheti kile kinaondoa ushuru tu. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, kinabaki palepale, kibali cha Wizara ya Kilimo cha kupeleka nje kinabaki, na upande wa Kenya mnunuzi wako lazima awe amesajiliwa kuingiza mahindi. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda na siku chache baadaye kuyafungulia kwa masharti, kuna pia cheti cha kuonyesha sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, haizidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani mikrogramu 10 kwenye kilo nzima ya mahindi. Kiwango hichohicho cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kumbuka hiyo 13.5.

Mimi nilikuwa na ujanja wangu wa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unaweka mahindi theluthi yake, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoikausha kwenye sufuria, unatikisa dakika moja nzima, kisha unaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi mabichi. Ikishuka yote chini, makavu. Nilipima gunia kumi pale ghalani na chumvi ilishuka kama mchanga. Nikawaonyesha vibarua chupa kwa mbwembwe, nikalipa, tukapakia usiku.

Mpakani afisa akachoma bambo, kile chuma chenye tundu cha kutolea punje, kwenye gunia la katikati, akamimina punje kwenye kipimo, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 14.8. "Mama, hii mahindi iko na maji." Nikamweleza habari ya chumvi. Alicheka kwa adabu.

Chupa haikudanganya, mimi ndiye sikujua mpaka wake. Chumvi inagundua unyevu unaopita kama asilimia 15. Chini ya hapo inanyamaza, na kati ya 13.5 na 15 ndipo mzigo unapokataliwa. Kwa mahindi ya kula nyumbani mwezi huu inatosha. Kwa mpaka, nunua au azima kipima unyevu cha mkononi, na usipime punje zilizotoka juani moto, ziache zipoe kwanza, la sivyo namba inakupotosha.

Tukageuza hadi Longido, huku kwetu Tanzania, kuna jua na upepo wa bure. Tani tano zinahitaji uwanja kuliko unavyodhani: maturubai matatu ya mita 6 kwa 10, mahindi yametandazwa kina cha vidole viwili, yanageuzwa kila saa, na yanafunikwa kabla umande haujashuka. Siku mbili. Vibarua, turubai za kukodi, na Fuso kulala bure viliniondoka laki tatu na kitu, sikutaka kupiga hesabu. Yalifika 13.2.

Hesabu niliyolazimika kupiga ni ya uzito. Kilo 5,000 zikishuka kutoka 14.8 mpaka 13.2 unapoteza kama kilo 92 za maji, karibu gunia zima, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo pima upya baada ya kukausha, ndipo ujaze karatasi. Mimi karatasi zangu zilisema 5,000, ikabidi zirudiwe.

Sumukuvu nayo haiondoki kwa jua. Ukungu ukishatengeneza sumu, kukausha kunazuia isiongezeke tu, na hata kupika hakuimalizi. Tena haikai sawasawa: gunia moja lililolala kwenye sakafu yenye unyevu linaweza kuharibu jibu la shehena yote. Ndiyo maana sikupeleka maabara sampuli ya gunia zuri. Nilichoma bambo gunia zote 50, juu, katikati na chini, nikachanganya juu ya turubai, nikagawa mafungu manne, nikatupa mawili yanayotazamana, nikarudia mpaka zikabaki kama kilo mbili. Majibu mabaya ni nafuu uyapate Arusha kuliko Namanga.

Safari ya pili tulipita bila kelele. Pale ni kituo cha pamoja, unasimama upande wa nchi unayoingia tu, na maafisa wa Tanzania wa kukutoa wamo humohumo jengo la Kenya. Wageni hupoteza saa nzima upande wa kwetu wakisubiri muhuri.

Dada zangu, ukiombwa hela, omba risiti na jina la anayeiomba, kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi ombi linaishia hapo. Likiwa ni zuio la serikali lenyewe, Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha ya 2017, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha, ila ndani ya miezi miwili.

Na bei mpatane kwa kilo. Mnunuzi wangu wa Kitengela, Kenya, alitaja bei ya gunia, nikafurahi, kumbe gunia lake ni la kilo 90 na langu la 100.