Sita Imetoka Wapi

Mlango wa jikoni kwetu haukuwa na komeo. Kilichouzuia usibamizwe na upepo ni kipande cha shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka kwenye mashine, kizito, kirefu kama kiganja cha mtu mzima, kimekatika upande mmoja. Nilipopata akili nilikikuta pale, na kila alfajiri nilikisogeza kwa mguu nikienda kuchota maji. Ule upande uliokatika ulikuwa na mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ya gamba la kombe, na pembeni palikuwa na eneo dogo lililoparuza kama sukari guru. Sikuwahi kuuliza kimetoka wapi. Kambini kwetu, shamba la mkonge kati ya Hale na Muheza, vyuma vilikuwa kila mahali.

Mwaka 2018 nilimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, divisheni wani ya pointi nane. Nikaomba uhandisi mitambo sehemu mbili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ile ambayo watu wa rika la baba yangu hawaijui kwa jina jingine isipokuwa Tech. Zote mbili zikanichukua. Utaratibu ulikuwa kwamba aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anapokea namba maalumu kwa meseji, anaingia kwenye akaunti ya chuo anachokitaka na kuthibitisha. Siku ya mwisho ikipita hujathibitisha, unajitafutia mwenyewe. Nilikuwa nimebakiwa na siku tano.

Moyoni nilikwisha kuchagua. Nilitaka Tech, na sababu yake ilikuwa Baba.

Baba alikuwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwenye mashine, katika karakana ya shamba. Alikuwa na gredi wani ya ufundi, na hakuna chuma kilichovunjika kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi, ambacho hakukipitisha kwenye mikono yake. Kazini kwao watu walipangwa ngazi tatu: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Yeye alibaki ya kwanza. Ujanani alitaka kwenda Tech kusomea cheti cha fundi sanifu, akawa amekwisha kukusanya hata nauli, babu akafariki, na wadogo zake wanne wakawa wake. Hadithi hiyo aliisimulia mara moja tu, tena kwa sentensi mbili. Mimi niliibeba miaka yote. Nilijiona nikipita lango la Tech nimevaa ovaroli, nikisimama kwenye mashine ambayo yeye alipaswa kusimama, na nilidhani hiyo ndiyo zawadi kubwa mtoto wa fundi anayoweza kumpa baba yake.

Nilipomwambia, alikuwa ananoa panga. Hakuinua macho.

"Nenda Mlimani, mama." Jina langu ni la bibi mzaa baba, kwa hiyo tangu mdogo ananiita mama.

Iliniuma. Mtaani kila mtu alikuwa ameshasema hivyohivyo, kwamba Mlimani ndicho chuo, kwamba Tech ni ya waliokosa. Maneno hayo sikuyakubali wakati ule na siyakubali leo. Lakini kuyasikia kwa Baba, mtu ambaye hajawahi kuniambia nifanye jambo ili watu waone, kulinivunja nguvu. Nikamjibu kwa hesabu za kwenye makaratasi. Nikamwambia shahada ya Tech nayo ni miaka minne. Nikamwambia Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawatambua wa huku na wa huku, na wote kabla ya kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu wanakaa miaka mitatu chini ya usimamizi. Nikamwambia mkopo ukitoka ni ule ule, shilingi 8,500 kwa siku, za chakula na malazi, uwe Posta au Ubungo.

Akalijaribu panga kwa kidole gumba. "Basi twende tukaone."

Tukapanda basi asubuhi, Segera, Chalinze, Kibaha, na jioni tukawa kwa shangazi Kimara. Baba alikuwa hajafika Dar es Salaam miaka mingi. Alishangaa kukuta kituo cha mwendokasi kinaitwa Korogwe, kama mji wa jirani na kwetu, akalitamka jina hilo mara mbili, taratibu, kama mtu aliyekutana na jirani safarini.

Kesho yake tulianza na Tech. Tiketi shilingi 650 kwa mtu, basi likashuka barabara ya Morogoro, Manzese, Magomeni, Jangwani, hadi kituo chenye jina la chuo chenyewe. Pale ndipo mafundi wa nchi hii walianza kufunzwa tangu mwaka 1957, kabla hata ya uhuru, na hadi mwaka 1997 kilipobadilishwa kuwa taasisi, nusu ya watu ambao Baba aliwaheshimu kazini walikuwa wamepita hapo. Alivaa shati jeupe la Idi. Mlinzi alituelekeza, na fundi mmoja wa karakana, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaturuhusu tusimame mlangoni.

Harufu ilinipokea kwanza: mafuta ya kupoozea, chuma kilichopata moto, vumbi la tupa. Ilikuwa harufu ya Baba akirudi jioni. Kijana mmoja alikuwa anakereza uso wa kipande kwenye mashine, na kila kisu kilipofika katikati kilibakiza kitone kidogo cha chuma. Alikuwa anarudia na kurudia. Baba alivumilia, nikamwona anavumilia, kisha akamwambia yule fundi kwa sauti ya chini, "Samahani, ndugu yangu. Kisu kiko chini ya senta."

Fundi akacheka, akamwashiria aingie. Baba akazima mashine, akalegeza bolti, akapenyeza kibati chembamba chini ya kisu, akakaza, akamrudishia kijana nafasi yake. Kitone kikaondoka. Wakaanza kuzungumza, yeye na yule fundi, juu ya visu na spidi na mashine za zamani ambazo haziharibiki, na mimi nikasimama pale nimejaa furaha. Nilimwona baba yangu mahali pake. Nikajua kwamba mambo yamekwisha, kwamba hata yeye sasa ameona.

Mchana tukarudi hadi Ubungo, tukachukua daladala ya kupita Chuo Kikuu. Mlimani ni pakubwa; mtu anatembea chini ya miti mpaka anasahau yuko Dar es Salaam. Maktaba mpya ilikuwa inamaliziwa. Tuliulizia uhandisi, tukateremka hadi kwenye majengo yake. Kitivo cha uhandisi kilianza pale mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na wapo mainjinia wengi nchini ambao wanatokea kwenye korido zile. Likizo ilikuwa haijaisha, kulikuwa kimya. Baba alitembea polepole, mikono nyuma. Hapa hakuna aliyemwita aingie, wala hakuwa na la kumsahihisha mtu.

Tulipita darasa moja lililokuwa wazi. Ubaoni hakuna aliyefuta. Kulikuwa na mchoro wa mhimili, mishale, na chini yake mahesabu mistari sita au saba yaliyoishia kwenye jibu lililopigiwa mistari miwili. Baba akasimama dirishani. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba niliona haya mtu asije akatuuliza tunatafuta nini.

"Hii unaijua?"

"Hii ya kwanza tu, Baba. Hiyo alama ni ya kujumlisha vipande vidogo vidogo. Zinazofuata bado."

Akatikisa kichwa. Tulipoondoka aligeuka tena akaangalia.

Usiku, kwa shangazi, baada ya ugali na dagaa, tulikaa barazani. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa adabu kwamba nimeona kote na nimeamua Tech. Yeye akatangulia.

"Kile chuma cha mlango wa jikoni," akasema. "Unakijua ni nini?"

Akaniambia. Kilikuwa cha shafti ya korona. Kabla sijazaliwa shafti ile ilikuwa inavunjika, mara nyingine mwaka hauishi, na kila mara mahali pale pale, pale kipenyo kinapopungua kuingia kwenye puli. Majani ya mkonge hayasubiri. Yakishakatwa, yakilala zaidi ya siku mbili nyuzi zinaharibika. Kwa hiyo ikivunjika usiku anagongewa mlango, anakereza mpya mpaka asubuhi. Alikuwa fundi mzuri. Pale kwenye ngazi ya shafti alikuwa anaacha kona safi, kali kama ya sanduku, na watu wa karakana walikuja kuitazama.

Siku moja akaja mhandisi kijana kutoka mjini, kwa kazi nyingine kabisa. Akaiona shafti iliyovunjika sakafuni, akachuchumaa, akapitisha ukucha kwenye ile mistari. Akamwambia kwamba chuma hakikuvunjika siku moja, kilikuwa kinachanika kidogo kidogo kila kinapozunguka, na kila mstari ni hatua ya ufa ukisonga ndani. Kisha akachukua karatasi ya pakiti ya sigara, akaandika herufi moja na namba moja: R6. "Fundi, hapa usiache kona. Izungushe, nusu kipenyo mili sita. Na mdomo wa puli uuchonge kidogo usije ukagonga." Akapanda gari, akaondoka.

Baba akakereza hivyo. Shafti hiyo haikuvunjika tena mpaka korona yenyewe ilipong'olewa.

"Saba nilizikereza mimi," akasema, "na saba nilizivunja mimi, kwa ile kona yangu."

Sikuwa na la kusema. Niliisikia pikipiki ikipita chini barabarani, kisha kimya.

"Hukumuuliza kwa nini sita? Kwa nini siyo tatu, au kumi?"

"Gari lilikuwa linaunguruma." Akanyamaza. "Na niliona aibu, mama. Nimeiwaza miaka yote. Alikisia? Au kuna mahali imeandikwa? Ile sita imetoka wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hata Tech hesabu hiyo wanaifundisha, uhandisi mitambo ni uhandisi mitambo. Akakubali mara moja.

"Najua. Leo nimewaona, ni watu wa kazi. Ningekuwa kijana ningelala pale pale mlangoni. Lakini yule bwana nilimuuliza jambo moja tu akiwa anapanda gari, amesoma wapi. Akasema Mlimani. Mimi sina njia nyingine ya kumfuata."

Usiku ule sikulala. Zawadi niliyomwandalia ilikuwa ya kumrudishia alichokosa akiwa na miaka ishirini. Kumbe hicho alikuwa ameshakimaliza mwenyewe, kwa mikono yake, miaka thelathini kwenye mashine. Asubuhi ile karakana ya Tech haikumwonyesha kitu ambacho hakijui. Kilichokuwa kinamnyima usingizi kilikuwa upande wa pili wa dirisha la lile darasa.

Nami nikajiuliza, nikimweka Baba pembeni, ninataka nini. Nikaona kwamba hata mimi nataka kujua. Tangu aliposema habari ya ufa unaosonga, nilikuwa nakiona kile chuma cha mlangoni, nahesabu mistari.

Asubuhi nikaenda steshenari moja pale Kimara, nikaomba kompyuta. Baba akasimama nyuma yangu. Nikaingiza namba ya Mlimani. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukakubali. Kijana wa steshenari akachapa karatasi, Baba akailipia, akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Sikuwa na furaha ile ya jana. Niliomboleza Tech kidogo, na mpaka leo nikipita pale kituoni macho yangu yanaitafuta ile karakana. Nadhani ningekuwa mhandisi mzuri kule pia, labda mwenye mikono mizuri kuliko niliyonayo, ingawa Mlimani nako tuliingia karakana, na kila mwaka mafunzo ya vitendo wiki nane.

Nilipoondoka nyumbani mwezi wa kumi, kile kipande cha shafti kilikuwa ndani ya begi langu, kimeviringishwa kwenye gunia. Mama alilalamika kuhusu mlango.

Ilikuwa mwaka wa tatu, kwenye usanifu wa mitambo, tulipofika kwenye uchovu wa vyuma, yaani ule ufa unaosonga kidogo kidogo. Nilimpigia Baba anipe vipimo vya shafti, kasi yake na nguvu ya mota. Alivikumbuka vyote bila kuangalia popote. Nikakaa na mahesabu siku mbili. Kwa kona kali kama aliyokuwa anaiacha yeye, mkazo pale unafika karibu mara tatu ya ule wa shafti nzima. Ukizungusha mili sita, unashuka chini ya mara mbili. Kwa mzigo wa korona ile, kipimo cha chini kabisa nilichokipata mimi kilikuwa nne na nusu.

Nikampigia tena, usiku.

"Nne na nusu," akarudia.

"Nne na nusu inatosha, Baba. Juu yake akaongeza ya usalama, kwa sababu majani hayaingii sawasawa, wakati mwingine mashine inashtuka. Ndipo ikawa sita."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo hakukisia."

"Hakukisia, Baba."

Nikamsikia akiiweka simu pembeni bila kuikata, na akimwambia mama kule ndani kwamba sita haikukisiwa.