Shamba la Mungu, hapa Bethlehem

Kuna swali niliulizwa kazini wiki mbili zilizopita na bado linanikaa rohoni. Nabeba maboksi kwenye ghala moja karibu na Bethlehem, Pennsylvania. Wakati wa mapumziko mwenzangu mmoja, mzaliwa wa huku, akaniuliza nasali wapi. Nikamwambia kwa Wamoravian. Akacheka. "Ulijiunga lini? Hilo kanisa la Wajerumani wa hapa."

Ndugu zangu, mimi nimebatizwa Rungwe. Babu yangu kabatizwa Rungwe. Akina Theodor Meyer na wenzake walifika pale mwaka 1891, wametumwa kutoka Herrnhut kule Saxony, na ni kutoka Herrnhut hiyohiyo walikotoka walioujenga mji huu. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kama Tanzania. Halafu mtu ananiuliza nilijiunga lini!

Hata hao Wajerumani wenyewe walikuwa wakimbizi. Jan Hus, mhubiri wa Kicheki, alichomwa moto mwaka 1415, wafuasi wake wakaunda ushirika wao mwaka 1457, wakasakwa vizazi na vizazi. Mwaka 1722 mabaki yao kutoka Moravia, iliyo Ucheki ya leo, yalivuka mpaka na kupewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana mmoja tajiri, Zinzendorf. Huko ndiko ikazaliwa Herrnhut. Baadhi wakaja Marekani, wakaanzia Georgia mwaka 1735. Vita ilipokuja wakakataa kushika silaha, wakahama tena, na mwaka 1741 wakaanza kujenga hapa, pale kijito cha Monocacy kinapoingia mto Lehigh. Mkesha wa Krismasi mwaka huo walikuwa kwenye kibanda cha magogo, ng'ombe upande wa pili wa ukuta, Zinzendorf akiwa pamoja nao. Ndipo mji ukaitwa Bethlehem.

Kilichonishangaza zaidi ni namna walivyoishi. Hadi mwaka 1762 hapakuwa na mshahara. Shamba la wote, jiko la wote, karakana za wote. Waliokulia vijiji vya ujamaa wataelewa haraka, ila hawa hawakupakiwa kwenye lori na mtu. Vijana wa kiume walilala nyumba yao, mabinti yao, wajane yao, na mtoto akishaachishwa ziwa analelewa na ushirika. Walisukuma maji ya chemchemi kwa mtambo hadi juu mlimani wakati miji mikubwa ya nchi hii bado inabeba kwa ndoo. Nyumba zao za mawe ziko hadi leo, nene, na watu wanaingia na kutoka. Mwaka 2024 UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia pamoja na Herrnhut na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, zikaungana na Christiansfeld ya Denmark. Rungwe haimo. Nimefurahi kwa ajili yao, lakini hilo limeniuma, na sitaficha.

Basi Jumapili ile nikaenda kanisani bado nina hasira. Baada ya ibada huku watu hukunywa kahawa dakika kumi na kila mtu anawasha gari lake. "Karibu nyumbani" usiitegemee. Bibi mmoja mwenye fimbo akaniuliza natoka wapi, nikamjibu Rungwe, Tanzania. Akasimama. Akasema kwa Kiingereza, "Mwanakondoo wetu ameshinda." Nikamalizia kaulimbiu hiyo ya Wamoravian kwa Kiswahili, "Tumfuate." Akanishika mkono na kusema twende.

Akanipeleka makaburini. Kijerumani wanapaita Gottesacker, shamba la Mungu. Hakuna sanamu, hakuna marumaru, hakuna uzio wa chuma wa kumtenga tajiri. Kila kaburi ni jiwe bapa lililolala usawa wa majani. Hawakuzikwa kifamilia. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, watoto wao. Mohikani waliobatizwa, wenyeji asilia wa Marekani, wamelala safu moja na Wajerumani.

Na Mwafrika yumo. Aliitwa Ofodobendo Wooma, Mwigbo wa Nigeria ya leo. Baba yake alipokufa, kaka yake alimweka rehani kwa mbuzi wawili, na kutoka hapo akauzwa hadi baharini, akafika New York, kisha Bethlehem mwaka 1746, akabatizwa Andrew. Tunayajua haya kwa sababu kila Mmoravian aliandikiwa habari za maisha yake, na za kwake zimehifadhiwa. Alifariki mwaka 1779. Nisiwapambe watu hawa: ushirika huu ulimiliki watumwa, huku ukiwaita ndugu na kula nao meza moja. Bibi mwenyewe aliniambia hivyo, bila kuzungukazunguka. Nilisimama pale nikiwaza mbuzi wawili. Nimechunga mbuzi, najua bei yao.

Mnaojiandaa kuja: cheti cha ubatizo na barua ya mchungaji viwekeni pamoja na pasipoti. Kundi la Watanzania ni zuri, litawachangia msiba, na mwaka jana tulichanga zaidi ya dola 10,000 kusafirisha mwili wa kijana mmoja. Lakini kundi halitakuuliza hali yako Jumanne jioni, umetoka zamu mgongo unauma na kodi ya chumba imepanda tena. Tafuta watu wa sala yako, na usiingie kwao kama mgeni kama wewe si mgeni.

Bibi akaniuliza kama na sisi tunakwenda makaburini alfajiri ya Pasaka. Nikamwambia tunakwenda, na tarumbeta tunazo. Akataka kusikia tunavyoimba. Nikavua kofia, nikaanza, na kwenye mstari wa pili akaingia na sauti ya chini bila maneno, tuni ileile.