Tulivyoiona Kolo kwa Kukimbia

Zamani ukiwaambia watu wa Dar unakwenda Dodoma, walikuuliza una shida gani wizarani. Treni ya umeme imelibadili swali hilo. Tangu Julai 2024 ilipoanza kufika Dodoma, mtu anapanda asubuhi, anateremka kabla ya adhuhuri na anasema yuko mapumzikoni. Basi lilikuwa linakula saa nane na zaidi, na hapo hujakutana na lori lililolala barabarani Gairo. Na penye abiria hapakosekani wa kuwauzia kitu: wamezuka mawakala wenye vifurushi, wanakupokea stesheni, wanakulaza, wanakuzungusha, kisha wanakurudisha stesheni na mabegi yako. Sisi tulinunua kifurushi kimoja cha familia. Jina la kampuni naliacha, maana baba watoto bado anavutana nao na sitaki kumharibia.

Kilichotunasa ni mstari mmoja kwenye ratiba waliyotutumia kwa simu: siku nzima Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, gari la juu la kupita njia mbaya, mwongozaji mzoefu, chakula cha mchana juu yao. Mama mkwe wangu ni Mrangi. Aliondoka Kondoa kwa kuolewa, na tangu azikwe dada yake hajakanyaga tena huko. Magoti yanamsumbua, basi la siku nzima haliwezi. Tukaona hii ni nafasi yake.

Treni yenyewe sina neno nayo. Ilitoka kwa wakati, mahandaki ya baada ya Kilosa yaliwapa watoto kila sababu ya kupiga mayowe, na huko mbele kijani kikaanza kupungua, mibuyu ikajitokeza mmoja mmoja. Dodoma mjini walituzungusha kama ilivyoandikwa: Nyerere Square, Bunge kwa nje, Chuo Kikuu kwa mbali kupitia dirishani. Hakuna aliyenung'unika. Sote tulikuwa tunaingoja Kolo.

Ratiba ilisema kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake hasa, kwa sababu kutoka Dodoma mjini mpaka Kolo ni kama kilomita 180 kwa barabara ya Babati, na jioni ile ile tulikuwa na tiketi za kurudi Dar. SGR, hiyo treni ya umeme, si basi la kumpigia kondakta akusubiri njia panda. Mizigo inapita kwenye mashine, milango inafungwa mapema, ukichelewa imekula kwako. Mwongozaji alifika saa moja na nusu, na Kosta.

"Ndugu yangu, lile gari la juu liko wapi?" mume wangu akamwuliza.

"Liko gereji, braza. Lakini Kosta hii ni ngumu, usiwe na wasi."

Kijana mwenyewe alikuwa mchangamfu. Shikamoo kwa kila mkubwa, chupa ya maji kwa kila mtoto. Alikuwa amefanya kazi kwenye mbuga za kaskazini na alijua simba analala saa ngapi kwa siku na tembo anabeba mimba miezi mingapi. Tulipoipita Msalato nikamwuliza michoro tunayokwenda kuiona aliichora nani.

"Wagogo wa kale, dada. Miaka milioni iliyopita."

Mama mkwe alikuwa amesinzia, au ndivyo tulivyodhani. "Wagogo gani hao wa Kolo, mwanangu?" akasema bila kufumbua macho. "Kolo ni Irangi."

Kijana akacheka, akasema, "Bibi umenikamata," akaongeza sauti ya muziki.

Tukasimama Makutupora. (Siyo ile ya Manyoni inayotajwa kwenye habari za reli, hii iko kaskazini ya jiji, kwenye kituo cha utafiti wa zabibu.) Zabibu za Dodoma zina mengi ya kumwonesha mgeni. Mkoa ule ndio unaobeba kilimo cha zabibu nchini, mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na ningefurahi sana kuingizwa shambani wanangu wakaona inavyopogolewa na kufungwa kwenye waya. Hatukuingizwa shambani. Tulipelekwa dukani, kuonja mvinyo. Sisi, na watoto, na mama mkwe na baibui lake. Muuzaji aliona haya kuliko sisi, akahangaika kwenye friji mpaka akapata juisi. Mwongozaji alibaki ndani na mwenye duka karibu saa nzima, na alipotoka akatuuliza tena na tena kama kweli hatuchukui hata chupa moja ya zawadi. Mtu wa mjini haambiwi hapo. Alikuwa na cha juu chake.

Kabla ya Chemba tukasimama tena, safari hii duka la asali, na bei ya kwenye chupa ilikuwa ya kumwandikia mgeni kutoka Ulaya. Mama mkwe akashuka taratibu, akaifungua moja, akainusa, akaifunga, akavuka barabara. Upande wa pili mama mmoja alikuwa amepanga madumu ya mafuta ya alizeti juu ya meza. Wakasalimiana, wakaulizana watoto, wakapatana bei, na dumu likaja na mfuko wa ubuyu wa nyongeza. Mwongozaji aliliangalia lile dumu likipandishwa kwenye gari kwa sura ya mtu aliyeibiwa.

Kuanzia hapo mwongozaji wetu akawa mama mkwe. Tulipokaribia Kondoa alihamia kiti cha dirishani na kuanza kuwaonesha wajukuu makorongo, ile mifereji mirefu ya udongo mwekundu iliyochimbwa na maji ya mvua kwenye miteremko. Zamani, akasema, yalikuwa yanakula mashamba na njia za watu. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba matuta, wakapanda miti. Udongo ukaendelea kuondoka. Ndipo mwaka 1979 ikaja amri: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Waliokuwa na ndugu nje ya eneo wakawapelekea mifugo yao, wengine wakauza kwa bei ya kutupa. Yeye alikuwa msichana bado yuko nyumbani. Baba yake, baada ya kuwapeleka ng'ombe, aliendelea kwa wiki nzima kuamka alfajiri na kwenda kufungua zizi.

"Kufungulia nini, Bibi, na ng'ombe hawapo?" mdogo wetu akauliza.

"Mguu ulikuwa umezoea, mume wangu."

Miti ikarudi, nyasi zikarudi, na miaka ya baadaye watu wakaruhusiwa kufuga tena, ila ng'ombe wa bandani, wa kukatiwa majani. Binti yangu mkubwa akamgeukia mwongozaji: ni kweli? "Kweli kabisa," akajibu, na nikamwona kwa macho yangu anaandika HADO kwenye simu yake.

Chakula cha mchana kilikuwa Kondoa mjini, na kilikuwa hakijaagizwa. Kuku alikuwa bado anatafutwa. Sitaki kulirefusha hilo.

Kolo tulifika saa saba na nusu. Kwa hesabu ya treni tulitakiwa tuwe tumeondoka saa tisa kasoro robo. Pale kandokando ya barabara kuu kuna ofisi ya Mambo ya Kale, na huwezi kupanda milimani bila mtu wao, jambo ambalo ni sawa kabisa. Kiingilio kinalipwa kwa kontroli namba. Kampuni ilikuwa haijalipa. Mwongozaji akapiga simu Dodoma, Dodoma wakasema watapiga, hawakupiga, mwishowe mume wangu akatoa simu yake akalipa. Kisha yule mtu wa ofisi, mtu mzima mwenye kofia ya jua na viatu vilivyokwisha soli, akaiangalia Kosta yetu.

"Na hili ndilo mnataka livuke mto?"

Kutoka ofisini mpaka Mungomi, ule mlima wenye michoro mingi, ni njia ya udongo, na katikati kuna mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu. Gari la chini linazama hapo kwa tumbo. Ndiyo maana ratiba iliandika gari la juu. Aliyeiandika alikuwa anajua. Zikaitwa bodaboda, nazo tukalipa sisi. Mama mkwe akasema hapandi bodaboda wala mlima, twende salama. Alikuwa ameshavutiwa kiti kivulini na ameanza Kirangi na mama mmoja aliyekuwa pale, na kwa jinsi walivyokuwa wanashikana mikono ilionekana wamekwisha kupata ukoo.

Baada ya bodaboda kuna kupanda kwa miguu, na pamesimama. Yule mzee alikuwa anatueleza huku anapanda, kwa sababu aliona saa zetu. Michoro haiko mahali pamoja: mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro vinazidi 150, vimetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye safu inayotazama uwanda wa Wamasai, na UNESCO iliyaingiza maeneo haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mingi ya miekundu ni ya wawindaji waliokuwa wakiishi kwa nyama, mizizi na asali, na wapo wataalamu wanaowahusisha na Wasandawe, ambao hata leo wako huko huko wilaya ya Chemba. Myeupe ilikuja baadaye, ya wakulima, na mara nyingine imechorwa juu ya ile myekundu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na mumewe walikuja kuinakili mwaka 1951, wakiiweka karatasi juu ya mwamba na kufuatisha mstari kwa mstari. Nikamwuliza umri. Akasema wataalamu hawajakubaliana, ila miaka elfu mbili haibishaniwi. Mwongozaji wetu alikuwa nyuma kabisa, anahema, na ule milioni wake hakuurudia.

Kisha tukafika kwenye kivuli cha kwanza, na kwa muda hatukuona kitu. Lazima niseme ukweli huu kwa anayetaka kwenda: usitegemee rangi ing'ae. Jua, maji na mikono ya watu vimefanya kazi yao. Mdogo wetu akauliza kama ni uchafu. Yule mzee hakukasirika. Alimvuta taratibu, akamsimamisha pembeni mwa mwamba badala ya mbele yake, akamkinga jua kwa kofia, akamwambia, "Tafuta shingo." Mtoto akakaa kimya. Halafu akapiga ukelele: twiga! Na baada ya kuiona shingo moja, mwamba wote ukafunguka. Pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, mwenye tumbo kubwa. Watu warefu, wembamba kama vijiti vya mshikaki, na vichwa vyenye mapambo au nywele zilizotimka. Mistari ya wekundu wa madini ya chuma, myembamba hivi kwamba unajiuliza alichora kwa unyoya au kwa nini. Nilitaka kukaa pale mpaka jua ligeuke upande wa pili.

"Kuna kingine hapo juu," mzee akasema akionesha kwa kidole, "huko watu bado wanakwenda kuomba mvua na uganga. Wanachinja, wanamwaga pombe. Na cha tatu juu zaidi, ukiwa hapo unaona mpaka..."

"Familia, muda!" Sauti ya mwongozaji kutoka chini.

Basi. Kati ya duka la mvinyo na ule mwamba, duka ndilo lililopewa muda mrefu zaidi. Sijui kuieleza siku ile vizuri zaidi ya hapo. Kijana yule simlaumu peke yake. Alikuwa amekabidhiwa siku iliyokwisha kuuzwa vipande vipande kabla hatujaamka, na mlima ukapewa kilichobaki.

Kurudi ilikuwa mbio tupu. Dereva aliyekuwa mpole asubuhi nzima sasa alikuwa anapasua hewa, na kabla ya Mayamaya tukakutana na tochi ya trafiki. Faini, maneno, dakika nyingine zimekwenda. Stesheni tuliingia tunakimbia, dumu la alizeti begani kwa mume wangu, mama mkwe akivutwa kwenye kiti cha magurudumu na mhudumu aliyetuonea huruma. Treni ikatoka kwa wakati wake.

Kampuni tuliiandikia. Jibu lao likasema ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya barabara. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu, ilizinduliwa mwaka 2018, na ukitoa ile tochi hatukukutana na kikwazo chochote. Mume wangu akawajibu hivyo, akaambatanisha risiti za kiingilio na bodaboda. Wao wanatoa punguzo kwa safari ijayo nao. Yeye anataka fedha yake mkononi.

Mama mkwe hana habari na hayo. Yule mtu wa ofisi alikuwa amemwambia njia iliyo nyepesi: panda basi Dodoma, lala Kondoa, asubuhi mapema fika Kolo na gari la kukodi la pale pale mjini, mzunguke vivuli vyote vitatu kabla jua halijawa kali, mwenye magoti mabovu apelekwe na gari mpaka chini ya mlima. Ameshampigia mpwa wake Kondoa na kitanda kipo. Kinachobishaniwa nyumbani sasa ni mwezi. Mimi nilisema Desemba, likizo ndefu. Yeye anasema Desemba mvua zimeanza na ule mto hauvukiki, twende Juni shule zikifungwa, na kwamba safari hii nauli ya basi tusimpe wakala yeyote, tumpe yeye.