Mgonjwa wa saa sita: huduma ya kwanza ukiwa mbali na barabara

Kozi nyingi za huduma ya kwanza tunazozipata hapa Mombasa zimetungwa kwa ajili ya ofisi, karakana na bandari. Mtu ameanguka, unaziba damu, unamlaza vizuri, unapiga simu, ambulansi inafika. Ni mafunzo mazuri, na kila mtu aanze nayo. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance huyatoa. Ila ndani yake mna jambo lisilosemwa: kwamba utakaa na mgonjwa dakika kumi au ishirini, kisha mjuzi zaidi yako atampokea.

Sasa mweke mgonjwa huyohuyo juu ya Mlima Kasigau, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mguu umevunjika. Kuna mteremko wa msitu, kuna barabara ya vumbi, ndipo mfike barabara kuu na Voi. Au mweke chini ya maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills. Kwale si mbali kwa gari, lakini kwanza apandishwe kilima kwa mikono ya watu, na akihitaji hospitali kubwa ya kisiwani bado ana kivuko cha Likoni au barabara ya kuzungukia Dongo Kundu. Huyo ni mgonjwa wa saa sita, yaani utakaa naye kama saa sita nzima kabla hajapokewa. Wanaofundisha huduma ya kwanza ya porini huhesabu kuwa uko porini pale tu unapokuwa zaidi ya saa moja kutoka kwenye matibabu. Kozi yao ya msingi huchukua kama saa 16, na ya wanaoongoza watu safarini saa 70 hadi 80. Kinachoongezwa humo si dawa nyingi. Ni kumchunguza mtu kwa utaratibu, kumtunza kwa saa nyingi, na kuamua: tunakaa, tunatembea naye, au tunamtuma mtu akalete msaada?

Ukimfikia aliyeumia, simama kwanza. Kilichomwangusha bado kipo? Jiwe linaweza kuporomoka tena, nyuki bado wana hasira, ndovu bado yuko kichakani. Vaa glavu. Kisha tafuta vitu vinavyoua kwa dakika: damu inayomwagika, njia ya hewa iliyoziba, kupumua, mapigo ya moyo. Pitisha mikono chini ya mgongo na mapaja kila upande, uitazame glavu yako. Damu hunywewa na mchanga na majani, na nguo nyeusi haionyeshi kitu. Hapa ndipo wanafunzi hukosea zaidi: wanakivamia kidonda kinachotisha usoni na kuliacha paja linalovuja chini ya suruali.

Hayo yakitulia, mpapase kuanzia kichwani hadi vidoleni. Binya, usiguse tu. Kila mahali tafuta maumivu, uvimbe, umbo lisilo la kawaida. Muulize kama ana mzio, dawa anazotumia, maradhi ya zamani, alikula na kunywa nini na lini, na nini hasa kilitokea. Mwenye kisukari aliyechanganyikiwa anaweza kuwa anahitaji sukari tu, na huwezi kulijua hilo usipouliza.

Kisha andika. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa, ni daftari dogo na penseli, kwa kuwa wino hulowa. Andika saa, mapigo ya moyo kwa dakika, pumzi kwa dakika, hali ya akili, hali ya ngozi. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 na pumzi 12 hadi 20. Rudia kila dakika 15, na kila dakika 5 akiwa mahututi. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mapigo 96 yanaweza kuwa ya maumivu na hofu. Lakini 96, kisha 108, kisha 120, huku mtu anahangaika na viganja vimekuwa baridi na majimaji, yaelekea ni damu inayovuja ndani mahali usipopaona, na hapo hakuna tena kungoja kesho. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi "hupauka". Kwa ngozi zetu nyeusi, vuta kope ya chini utazame ndani, tazama ufizi, viganja na kucha. Binya ukucha, uachie: rangi irudi kabla ya sekunde 2.

Na andika saa kama simu inavyoonyesha, 10:20 au 16:45. Ukiandika "saa 4:20" na karatasi ikafika kwa daktari, hajui kama ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu, na tofauti ya saa sita kwenye mkanda wa kukatiza damu uliokazwa mguuni ni tofauti kubwa mno.

Tuje kwenye damu. Njia ya kwanza ni mkono: shashi au kitambaa safi, kandamiza kwa uzito wa mwili, viwiko vimenyooka, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Kuchungulia hubomoa donge linaloanza kuganda. Kidonda chenye kina cha paja au kinena, ijaze shashi ndani kabisa hadi chini, kisha kandamiza juu yake.

Mkono au mguu ukikataa kuacha kuvuja, kaza mkanda wa kukatiza damu. Wa dukani uliotengenezwa kwa kazi hiyo ni bora kuliko wa kujitungia, na nasisitiza ununuliwe. Usipokuwa nao, leso (kanga) ya pamba inafaa. Ya nailoni au poliesta huteleza na kulegea. Chana upande wa pindo, ukunje upate utepe wa upana wa sentimita 4 au zaidi, maana kamba nyembamba hukata nyama na mishipa ya fahamu bila kuzuia damu. Zungushia sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Piga fundo nusu, weka kijiti kinene kama kidole gumba, funga fundo kamili juu yake, kisha zungusha kijiti hadi damu ikome kabisa. Fungia ncha ya kijiti isirudi nyuma. Bila kijiti, nguvu za mikono hazitoshi. Na kukaza nusunusu ni kubaya kuliko kutokaza: unaziba mishipa inayorudisha damu moyoni huku ile inayoileta ikiendelea, na kidonda huvuja zaidi. Kutauma sana, mwambie mapema. Ukishakaza, andika saa, usilegeze "kidogo apumzike". Kazi hiyo ni ya hospitali.

Leso hiyohiyo ndiyo sababu sioni mtu wa Pwani akikosa vifaa. Doti moja ni nguo mbili. Ikunje pembetatu, ni kining'inizo cha mkono. Ikunje bapa, ni mkanda wa kufunga banzi, ule mti wa kushikilia mfupa uliovunjika. Iloweshe, ni ya kupoza mwili.

Mfupa uliovunjika hufungwa banzi pamoja na kiungo cha juu yake na cha chini yake. Kabla ya kufunga, na tena baada ya kufunga, kagua vitu vitatu chini ya jeraha: damu inafika? anahisi ukimgusa? anaweza kutikisa vidole? Kama vilikuwepo kabla na sasa havipo, umekaza mno, fungua. Kosa la kawaida si ubovu wa mti bali kukosa kitanda laini: jaza nguo au majani kwenye nafasi zote, hasa chini ya goti na kwenye kifundo, ama sivyo baada ya saa mbili mgonjwa atalia kwa ajili ya banzi kuliko mfupa.

Vidonda vya kawaida vinataka maji, maji mengi. Nusu lita hadi lita moja ya maji ya kunywa, kwa mkondo wenye nguvu: toboa kifuniko cha chupa na uibinye. Usishone, usifunge kinywa cha kidonda kichafu. Akiumwa na mnyama, oshea sabuni na maji dakika 15, kisha safari ya hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Kinga ya pepopunda ikaguliwe kabla ya safari.

Nyoka. Watu wana jiwe la nyoka, wana wembe, wana kamba ya kufunga mguu. Vyote viache nyumbani. Jiwe halinyonyi sumu, wembe huongeza kidonda, na kamba iliyofungwa kwa mtu aliyeumwa na kifutu huibana sumu inayoozesha nyama mahali pamoja na inaweza kumgharimu mguu. Ondoka alipo nyoka, wala usimfukuze ili umtambue. Picha ukiwa mbali inatosha. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga banzi mguu au mkono mzima kama uliovunjika, bila kukaza, na asitembee hata hatua moja kama inawezekana abebwe. Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe na saa, urudie kila nusu saa. Asipewe aspirini wala dawa za jamii yake, kwani baadhi ya sumu huzuia damu kuganda. Parasetamoli inafaa.

Koboko ni habari nyingine: sumu yake hulegeza misuli. Tazama kope zinazoshuka, ulimi mzito, mate yasiyomezeka. Akishindwa kumeza, mlaze ubavu. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni, na uendelee, maana moyo unaweza kuwa unapiga vizuri na pumzi zako ndizo zinazombakisha hai hadi mashine ya hospitali. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 hadi 20, macho yakiwa wazi. Asisugue.

Joto huku kwetu huwaangusha watu wengi kuliko nyoka. Unyevu wa Pwani hufanya jasho litiririke badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mtu aliyechoka kwa joto ana kichwa kinachouma, kichefuchefu, kizunguzungu, lakini akili yake iko. Kivuli, mapumziko, kinywaji cha chumvi na sukari. Akianza kusema yasiyoeleweka, kuyumba au kupigana nanyi, hiyo ni hatari ya kifo, hata kama bado anatoka jasho. Hapo poza kwanza, beba baadaye. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, pepea kwa leso bila kuacha. Penye kijito, mzamishe hadi shingoni mkiwa mmemshika. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu.

Kinywaji chenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa bapa, visijae kilele. Onja: kisizidi uchumvi wa machozi. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo halitoshi peke yake kwa aliyetoka jasho siku nzima. Na anayekunywa maji matupu lita baada ya lita bila kula anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi achanganyikiwe vilevile.

Kuomba msaada: 999 au 112, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Mtandao ukiwa hafifu, ujumbe mfupi hupita pale simu isipopita, kwa hiyo uandike kabla ya kupanda mahali pa juu. Weka namba za mahali kutoka kwenye ramani ya simu, jina la njia, idadi ya watu, umri na jeraha, namba zako za mapigo na pumzi, mlichofanya, mnachokihitaji, na mpango wenu iwapo hamtapata jibu. Ukimtuma mtu, tuma wawili, na karatasi mkononi, si maneno kichwani. Wengine huitegemea ndege. Flying Doctors, madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, walioanza mwaka 1957, huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na ndege yao inahitaji kiwanja. Kumfikisha mgonjwa hapo kiwanjani ni kazi yenu.

Kubeba machela ni kazi ambayo watu huidharau hadi waijaribu. Watu sita huchoka baada ya dakika chache, na kwenye njia ya mawe kilomita moja kwa saa ni mwendo wa kawaida. Kundi la watu wanne haliwezi kumbeba mtu mbali. Lijue hilo kabla ya kuondoka, na umwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi.

Ujuzi huu huchakaa haraka. Zoezi linalofaa halihitaji ukumbi: baraza ya nyumba, jioni, taa zimezimwa, mmoja ajifanye amevunjika paja na apewe karatasi ya siri yenye namba zinazobadilika kila dakika 15. Wengine wamtunze saa mbili nzima kwa mwanga wa tochi, glavu mkononi, wakiandika. Dakika ya 20 kila mtu anajiona hodari. Dakika ya 70 tazama ni nani bado anakagua vidole vya mguu, na nani amesahau kumtandikia mgonjwa mkeka asilale kwenye sakafu baridi.