Siku moja na ubao wa kupimia urefu

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshashika njia, ukungu wa Ziwa Nakivale bado umetanda juu ya migomba. Mimi ni msaidizi wa lishe katika kituo cha afya humu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Majirani husema "yule anapima watoto", kama vile kazi yenyewe ni kumweka mtoto kwenye mzani na kusoma namba. Kwa uzito, sawa, wanakaribia ukweli. Urefu ni kazi nyingine kabisa.

Saa 2 nafuta ubao, natandika kitambaa safi, nauhakikisha kwa fimbo yenye sentimita 60 kamili. Kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 5 tunapima watoto 31.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hupimwa akiwa amelala chali. Anavuliwa kofia na viatu. Mwenzangu hupiga magoti upande wa kichwa, anakishika kwa mikono miwili hadi utosi uguse ubao na macho yatazame juu moja kwa moja. Mimi nabonyeza magoti taratibu, nasogeza kibao hadi kwenye nyayo, vidole vikielekea juu, kisha nasoma upesi kabla hajarusha teke. Ni kazi ya watu wawili. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Saa 5 na kitu aliingia mama mmoja na binti wa miezi 10, na bibi nyuma yao. Tukapima: sentimita 67.2. Nikafungua kitabu cha mtoto. Mwezi uliopita, akiwa na miezi 9: 68.9.

Mama alikuwa ameshaona. "Daktari, mtoto wangu anarudi nyuma?"

Mimi si daktari, lakini hapa kila avaaye koti huitwa hivyo. Nikamwambia mtoto hapungui urefu, ngoja turudie. Mara ya pili 67.3. Mara ya tatu 67.2, na sasa mtoto analia kwa sauti iliyojaza chumba chote, mama naye anataka kumnyakua. "Mwezi uliopita mulisema iko muzuri! Leo munamutesa bure!" Foleni nje ikaanza kuchungulia dirishani.

Nikaitazama ile 68.9 tena. Mwandiko ni wangu. Nikaikumbuka siku yenyewe: mwenzangu alikuwa ameitwa chumba cha chanjo, foleni ndefu, nikapima peke yangu. Hakuna aliyeshika kichwa. Mtoto akiteleza kidogo, pakabaki upana wa kidole gumba kati ya utosi na ubao, tayari umemwongezea sentimita 2 ambazo hana.

Tatizo halikuwa namba tu. Akiwa na miezi 6 binti huyu alikuwa na 64.5, chini kidogo tu ya wastani wa wasichana, ambao ni 65.7. Namba yangu ya uongo ilionyesha mstari wake kwenye mchoro wa ukuaji unapanda vizuri, nikamsifu mama, akaenda nyumbani. Kumbe kwa miezi 4 mtoto ameongeza sentimita 2.7, wakati msichana wa wastani huongeza karibu 6. Kikomo cha udumavu, yaani urefu ambao chini yake mtoto huhesabiwa amedumaa, kwa msichana wa miezi 10 ni 66.5. Hajashuka hadi hapo, ila mstari wake umelala, na mimi nilimficha mama yake kwa mwezi mzima.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Mama, kosa ni langu. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu, akimnyonyesha.

Bibi ndiye aliyesema: "Lakini baba yake ni mufupi. Ukoo wao wote."

Hili nalisikia kila wiki, na sikuchoka kulijibu. Urithi upo, lakini mtoto wa ukoo mfupi naye hupanda, mstari wake ukiwa chini sambamba na ya wengine. Haulali ghafla akiwa na miezi 6. Michoro tunayotumia ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto waliolelewa vizuri Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Wakiwa wadogo, walikua kwa kulingana sana.

Tukaanza kuulizana. Kuhara mara mbili tangu mvua zianze. Uji mwepesi wa mahindi, kwa sababu mgao wa chakula umepungua na unga lazima ufike mwisho wa mwezi. Uzito haukunishtua; mashavu yalikuwa mazuri. Ndiyo maana napigania urefu: uzito huporomoka na kurudi haraka, urefu huchelewa kusema. Tukakubaliana uji mzito usiomwagika kwenye kijiko, mukene (dagaa) uliosagwa ndani yake, maharage yaliyopondwa, yai kuku wake akitaga, milo 3 au 4, na kunyonya kusikatwe. Arudi baada ya mwezi. Nikaikata 68.9 kwa mstari mmoja, nikaandika "kosa la kipimo", nikaweka sahihi.

Chakula cha mchana sikukumbuka. Wakati fulani mwenzangu akaitwa tena chanjo, nje kuna akina mama 20 hivi. Nikasema uzito na mzunguko wa mkono naendelea kupima, urefu tungoje. Wakaguna. Mmoja akasema amefunga mbuzi njiani. "Kaka, si upime tu?" Nikakataa, mgongo ukiniuma, na koo limekauka kwa kuomba radhi. Tukangoja yapata saa nzima. Yule wa mbuzi aliondoka. Nimeandika jina lake pembeni ya rejista, kesho nitapita kwake na mwenzangu, tutabeba ubao.

Wa mwisho alikuwa mvulana wa miezi 2, amelala fofofo. Mwenzangu akashika kichwa. 58.1. Tukarudia: 58.1.